Siku Niliyomzuia Bi Karomat

Nilipata mtoto wa kwanza nikiwa na miaka arobaini na saba. Mke wangu, Mavzuna, alikuwa na thelathini na nane. Tulikuwa tumekaa miaka kumi na sita katika ndoa, mimba tatu zimeharibika, na misimu mingi mimi niko Urusi nachomelea mabomba huku yeye yuko Isfara, mji wetu hapa Tajikistan, peke yake. Nasema haya mapema ili mjue tulikuwa watu wa namna gani. Sitaki huruma. Nilichofanya hakina haki ya kuhurumiwa.

Kazi yangu ni kuchomelea. Nusu ya mageti ya mtaa wetu nimeyatengeneza mimi. Shule niliiacha darasa la saba. Chuma kikiwa na ufa nitauona kabla hujanionyesha, lakini mtoto mchanga sikuwahi hata kumshika.

Anzurat alizaliwa mwezi wa tatu, miti ya aprikoti ikiwa ndiyo kwanza inatoa maua. Siku ya pili baada ya kumleta nyumbani akaanza kwikwi. Mavzuna akaniita kutoka uani.

"Baba Anzurat, njoo uone. Kifua chake kinaruka."

Nikatazama. Kilikuwa kinaruka kweli. Kitu kidogo kama kile, urefu wa mkono wangu kutoka kiwikoni, kinaruka chote.

"Mpe maji," nikasema.

"Hapewi maji. Nesi alisema maziwa tu."

"Basi mpe maziwa."

"Akiruka hivi nitampaje?"

Kwetu mtoto hatolewi nje mpaka atimize siku arobaini, na wageni hawaingii kumwona. Kwa hiyo nilikwenda zahanati mwenyewe, mikono mitupu, kumweleza Nesi Firuza habari za kwikwi. Nesi Firuza ndiye anayewaangalia watoto wote wa mtaa wetu. Ni mwanamke wa miaka hamsini hivi, mfupi, anatembea haraka. Akaniambia watoto wote wana kwikwi, zitaisha zenyewe, nirudi nyumbani. Nikarudi nimefurahi.

Kesho yake zilikuwa chafya. Alipiga chafya sita mfululizo, nilizihesabu. Nikaenda. Nesi akasema anasafisha pua, hana mafua. Siku iliyofuata vikatoka vipele vyekundu vyenye ncha nyeupe, mgongoni na tumboni. Nikaenda. Akaja mwenyewe mpaka nyumbani, maana nesi hahesabiwi kuwa mgeni, akamgeuza mtoto huku na huku, akasema vitaondoka bila dawa, na Mavzuna asipake kitu.

Ya nne ilikuwa pumzi. Anzurat alikuwa akipumua haraka haraka kama mtu aliyepanda kilima, kisha anatulia kabisa, halafu anaanza tena. Tulimkalia pembeni mimi na mama yake tukiitazama pua yake. Akitulia na sisi tunatulia. Mwisho Mavzuna akasema, "Nenda."

Zahanati ilikuwa imejaa. Wanawake kumi na mbili au zaidi kwenye benchi, mlango wa chumba cha nesi uko wazi. Firuza akaniuliza kutoka ndani, "Leo nini, Hoshim?"

"Pumzi."

"Pumzi imefanya nini?"

Sikuwa na maneno. Nikafanya. Nikasimama katikati ya foleni, mwanamume mwenye mvi, na buti za kazini, nikahema kama mbwa kwenye joto la mwezi wa saba, nikaacha, nikasubiri, nikahema tena. Sikuwaza jinsi ninavyoonekana. Nilitaka tu aelewe.

Mwanamke mmoja mnene, sijui hata jina lake, akasema, "Jamani, mshikeni huyu baba apewe ziwa."

Wakacheka wote. Nesi Firuza naye akacheka, akaziba mdomo na karatasi aliyokuwa ameshika. Kisha akanieleza vizuri tu: watoto wachanga wanapumua hivyo, kutulia kidogo si neno, akigeuka bluu au akikataa kunyonya ndipo nikimbie. Nilisikia. Lakini nilichobeba njiani kurudi kilikuwa kile kicheko.

Jioni yake mgahawa wa chai ulikuwa tayari unajua. Nikiinua kikombe, mtu wa meza ya pili anahema kama mbwa. "Kaka Hoshim, mtoto amepumua leo?" "Amepumua, lakini baba yake bado." Mavzuna naye yalimfikia kupitia ukutani kwa jirani: eti mwanamke mzee kazaa, hajui hata mtoto anavyopiga chafya.

"Usirudi tena kule," akaniambia. "Wametufanya mchezo."

"Sirudi," nikasema.

Siku ya saba Bi Karomat akaja kumfunga mtoto katika susu. Hiyo ndiyo desturi yetu. Susu yenyewe, kitanda kidogo cha kumbembelezea mtoto, ni ya mti, imepakwa rangi, ina godoro lenye tundu. Mtoto analazwa chali, anafungwa kwa kitambaa kipana mikononi na miguuni, na kati ya miguu kunawekwa kijibomba cha mti kinachopeleka mkojo chini kwenye chungu. Akifungwa na mtu anayejua, mtoto analala mkavu kwa saa nne. Akifungwa na asiyejua, analia mpaka anakauka sauti.

Bi Karomat alikuwa anajua. Miaka sabini na miwili, mfungaji wa watoto wa mtaa mzima. Hana cheo kingine. Hakusoma, mume alikufa zamani, wanawe wako mbali. Ila hakuna nyumba inayomweka mtoto katika susu bila yeye, na kwenye karamu zote anakalishwa juu, mbali na mlango, kwa sababu ya mikono yake. Alinifunga hata mimi.

Alimfunga Anzurat akiongea naye muda wote kwa sauti ya chini. Mtoto hakulia. Alilala kwa saa nne nzima. Sisi pia tukalala, mchana kweupe, mimi sakafuni na Mavzuna kitandani, kwa mara ya kwanza tangu ametoka hospitali.

Asubuhi ya siku ya nane Mavzuna akamfungua amwogeshe. Nilikuwa nakunywa chai. Akaniita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, sauti isiyo na hewa.

Juu ya kitambaa cha mtoto, pale kati ya miguu, palikuwa na doa la damu. Ukubwa wake ni kama ukucha wa kidole gumba.

Tulitazamana. Mtoto alikuwa ametulia, anatafuta titi. Mimi nikakichukua kile kijibomba, nikakipeleka dirishani, nikapitisha kidole kwenye mdomo wake kama ninavyopapasa chuma kilichokatwa. Nikahisi mkwaruzo. Naapa niliuhisi. Baadaye nilikipapasa tena mara ishirini, mara thelathini, na hakikuwa na kitu, kilikuwa laini kama kijiko. Lakini asubuhi ile kidole changu kilihisi kile nilichotaka kihisi.

"Kimemkata," nikasema. "Yule mzee haoni. Amekibana vibaya kikamkata."

"Sijui," akasema Mavzuna. "Nenda kwa Firuza."

"Nikachekwe tena?"

"Hoshim, ni damu. Nenda."

Nikatoka. Zahanati iko mitaa miwili tu kutoka kwetu. Nilifika mpaka kwenye kona, nikaona kupitia dirishani foleni ya wanawake kwenye benchi, na yule mnene yumo, anamenya mbegu za alizeti. Nilisimama pale labda dakika moja. Niwaambie nini? Niingie na neno kama lile, la mahali kama pale, mbele yao? Miguu ikageuka. Sikuiamuru. Lakini hasira niliyokuja nayo ilikuwa bado ninayo, inahitaji mahali pa kwenda.

Na mahali palikuwepo. Asubuhi hiyo hiyo kwa Bi Tojinisso, jirani yetu wa nyumba ya tano, walikuwa wanamweka mjukuu katika susu. Nilijua Bi Karomat yuko huko. Geti lilikuwa wazi, viatu vya wanawake vimejaa barazani. Karamu ile ni ya wanawake, nayo ndiyo siku pekee wanayoruhusiwa kumwona mtoto kabla ya arobaini. Mwanamume haingii. Hata baba wa mtoto anakaa nje na kazi yake ni kuleta kuni na maji.

Niliingia na buti zangu.

Walikuwa wanawake thelathini, wamekaa kuzunguka vyakula. Walikuwa wameshamwaga peremende juu ya susu, kama inavyofanywa, na sakafu ilikuwa imejaa peremende. Bi Karomat alikuwa amepiga magoti, kitambaa cha kufungia kiko begani, mtoto wa watu yuko mapajani pake, uchi, anatikisa miguu. Aliponiona alitabasamu, maana alidhani nimeleta habari njema au nimetumwa.

"Msimpe huyu mama mtoto," nikasema. "Jana amemfunga binti yangu. Leo binti yangu anatoka damu."

Ningekuwa mtu mwenye akili ningeishia hapo.

Bi Karomat akauliza taratibu, "Damu ya wapi, mwanangu?"

"Wapi unapajua. Macho yamekwisha na bado unashika watoto wa watu. Utaacha mpaka uue mmoja?"

Mama wa mtoto yule, Gulbahor, ni msichana wa miaka kumi na tisa. Aliinuka, akamchukua mwanawe kutoka mapajani kwa Bi Karomat. Hakumnyang'anya. Aliweka mikono chini ya mgongo wa mtoto akamwinua, kama unavyochukua kitu kwa mtu aliyelala usitake kumwamsha. Bi Karomat alimwachia. Mikono yake ikabaki wazi vilevile.

Kisha akakitoa kitambaa begani, akakikunja mara nne, akakiweka juu ya susu. Akaanza kuinuka. Magoti yake ni mabovu, ilimchukua muda mrefu, akishika ukuta, akishika mgongo wa mtu. Hakuna aliyempa mkono. Mimi nilikuwa karibu kuliko wote.

Alipita pembeni yangu akatoka. Bi Tojinisso ndiye aliyesema neno la kwanza.

"Hoshim, umeingia na viatu."

Nilitazama chini. Peremende zilikuwa zimepondeka chini ya buti zangu.

Nilirudi nyumbani kifua mbele. Hilo nalo nitalisema, kwa kuwa ni kweli. Njia nzima nilijiona mwanamume aliyelinda mtoto wake.

Nyumbani nikamkuta Nesi Firuza ananawa mikono. Mavzuna aliona nachelewa akampigia simu. Anzurat alikuwa ananyonya, ngumi moja imekaa juu ya titi.

"Umetoka wapi?" akaniuliza Mavzuna. "Firuza anasema hukufika."

"Mtoto vipi?" nikamuuliza nesi.

"Mtoto mzima." Akajifuta mikono. "Wasichana wengi hutoa kidamu kama hicho wiki ya kwanza. Akiwa tumboni anaishi na homoni za mama yake. Akizaliwa zinakatika, mwili wake unafanya hivyo. Siku mbili tatu imeisha. Ikizidi, au akipata homa, au akiacha kunyonya, mniite. Ila nimemtazama vizuri, hakuna mchubuko, hakuna kidonda."

"Kile kijibomba..."

"Kijibomba hakina kosa. Hakijamgusa vibaya, wala kitambaa hakijamwachia alama. Amefungwa vizuri kuliko watoto wote niliowaona mwezi huu."

Nikakaa chini. Hapo ndipo nilipoanza kusikia joto masikioni.

"Ulikwenda wapi, Baba Anzurat?" Mavzuna aliuliza tena, polepole.

Nikawaambia. Sikuficha neno, hata lile la kuua. Nilipomaliza Mavzuna hakunitazama mimi, alimtazama mtoto.

"Umesimama mbele ya wanawake thelathini ukautaja mwili wa mwanangu," akasema. "Ana siku nane. Watamkumbuka kwa hilo mpaka aolewe. Na yule mama alinipa usingizi, Hoshim. Ndiye peke yake ambaye hakunicheka."

Nesi Firuza alikuwa anafunga mkoba wake. "Ulinifuata kwa kwikwi," akasema. "Ulinifuata kwa chafya. Kwa damu ukaona usinifuate?"

"Mlinicheka."

Aliacha kufunga mkoba. Uso ukambadilika kidogo.

"Kweli," akasema. "Nilicheka. Sikupaswa." Kisha, "Lakini hukumtukana aliyekucheka. Ulimtafuta asiyeweza kukujibu."

Nimelirudia neno hilo kichwani siku nyingi nikitafuta mahali lilipokosea. Sijapaona.

Alasiri nilikwenda kwa Bi Karomat. Alikuwa amekaa barazani anachambua mchele kwenye sinia, uso karibu kabisa na punje. Hakunifukuza. Alinikaribisha kitini, akaleta birika, akanimiminia chai. Akaijaza mpaka juu.

Kwetu mgeni unayemtaka unammiminia kidogo, nusu kikombe au chini ya hapo, upate kumwongezea na kumwongezea. Kikombe kikijaa, maana yake kunywa uondoke. Nilikitazama kile kikombe. Chai ilikuwa imefika ukingoni kabisa, ukikiinua inakumwagikia.

"Bibi, nimekosa," nikasema.

"Najua."

"Nesi amesema ile damu..."

"Najua ile damu. Watoto wa kike wengi huja nayo. Nimeiona kabla wewe hujazaliwa." Alitoa jiwe kwenye mchele akalitupa uani. "Nilikuuliza damu ya wapi. Ungenijibu vizuri ningekuambia palepale, ukarudi kwako. Lakini hukuja kuuliza."

"Sikuja kuuliza," nikakubali.

"Miaka hamsini na moja nafunga watoto. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu ananiondolea mtoto mapajani. Na tangu asubuhi nyumba mbili zimetuma watu kuniambia nisije, watafunga wenyewe." Sauti yake haikupanda. "Mimi sina kitu kingine mtaani hapa, Hoshim mwana wa Qodir. Wengine wana maduka. Wengine wana watoto wao karibu."

Siku zote alikuwa akiniita mwanangu.

"Nitamwomba Nesi Firuza apite nyumba kwa nyumba awaeleze," nikasema. "Yeye wanamwamini."

"Kwani aliyenikosea ni Firuza?"

Nikashika kikombe bila kukiinua.

"Kunywa chai," akasema. "Inapoa."

Nikainywa. Ilinimwagikia mkononi, nikaondoka.

Bi Tojinisso alikuwa ameahirisha karamu mpaka Alhamisi. Nilikuwa na siku mbili za kulala na jambo hilo. Kazini nilichomelea bawaba za geti la watu juu chini. Nilimwambia Mavzuna nitakwenda Alhamisi, nitasimama palepale na kusema mbele ya wote.

"Nenda," akasema. "Lakini mwanangu usimtaje tena. Sema kosa lako."

"Bila kutaja nitawaelezaje?"

"Hilo utajua mwenyewe. Mbona kumtukana hukukosa maneno."

Alhamisi nilioga, nikavaa shati jeupe. Nilivua viatu barazani nikaviweka mbali na vya wanawake. Nikabisha. Bi Tojinisso akafungua, akanitazama kutoka juu mpaka soksi.

"Leo unataka nini?"

"Kusema maneno machache mlangoni. Siingii."

Akasogea pembeni. Walikuwa walewale, karibu wote. Gulbahor yuko pembeni ya susu, mtoto mkononi, na kitambaa cha kufungia kimekaa palepale kilipowekwa, kimekunjwa mara nne. Nafikiri hakuna aliyetaka kukigusa. Bi Karomat hakuwepo, hakualikwa.

Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Yote yalinitoroka.

"Juzi nilimvamia Bi Karomat hapa," nikasema. "Nilisema amemuumiza mtoto wangu. Hakumuumiza. Nesi amemtazama, mtoto mzima, na amesema amefungwa vizuri kuliko wote. Mkono wa Bi Karomat hauna kosa. Kosa ni langu."

"Kwa hiyo ulidanganya?" akauliza mmoja.

"Sikudanganya. Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

Nilitamani aniachie hapo. "Niliogopa kuuliza," nikasema. "Nilikuwa naenda zahanati. Nikaona foleni nikaogopa kuchekwa. Nikaona rahisi kumdhalilisha mtu mzima wa umri wa mama yangu kuliko kuchekwa na ninyi."

Kisha mwanamke mmoja mzee kutoka kona akauliza, "Na damu je?"

Nilikumbuka agizo la Mavzuna. "Sisemi zaidi ya hapo. Kamuulizeni Firuza."

"Si ndiyo ile ya wasichana?" akasema yule mzee, akiwageukia wenzake. "Wiki ya kwanza? Hata mkubwa wangu aliitoa."

"Na wangu," akasema mwingine.

"Mimi nilijua siku ile ile," akasema Bi Tojinisso.

Nilimgeukia. "Ulijua? Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unapiga kelele nyumbani kwangu." Kisha akatazama chini, kwenye susu. Wanawake wote wakubwa walitazama chini. Walijua, na wakamwacha aondoke akishika ukuta. Sikufurahi kuliona hilo. Aibu yangu haikupungua kwa kuwa na wenzangu ndani yake.

Hapo ndipo mmoja akaanza kucheka, taratibu, si kwa ubaya labda, na kicheko kikazunguka chumba kizima. "Mwanamume mzima," walisema. "Kwa tone dogo kama lile." "Na buti." Nilisimama nikachekwa. Sikuwa na mahali pa kugeuzia miguu. Kilipoisha, Bi Tojinisso akasema, "Umemaliza? Basi nenda kamlete."

Bi Karomat alikataa kufuatana nami. Alisema atakuja, lakini nitangulie. Nilitangulia, na kila nikigeuka namwona nyuma kwa hatua ishirini, anatembea kwa fimbo, ananisubiri nigeuke mbele. Tuliingia mtaani hivyo, na watu wakatutazama.

Mimi nilibaki barazani. Nilimwona akipiga magoti tena, safari hii Gulbahor akimshika mkono. Alipewa mtoto. Lakini hakuchukua kitambaa.

"Mwiteni baba yake," akasema.

Wanawake wakanung'unika. Baba haingii. Bi Karomat akasema hawezi kumfunga mtoto ambaye baba yake hajamwona kwanza. Basi Daler, mume wa Gulbahor, kijana wa miaka ishirini na mbili, akaitwa kutoka kwenye kuni, akasimama mlangoni amekuwa mwekundu. Bi Karomat akamwinua mtoto.

"Tazama. Mikono hii. Miguu hii. Mgongo. Ana jeraha?"

"Hapana, bibi."

Akampa kijibomba cha mti. "Papasa. Kina mkwaruzo?"

Kijana akapapasa. "Hakina."

"Una hakika?"

"Nina hakika, bibi."

"Sasa nenda zako."

Ndivyo anavyofanya tangu siku ile. Kila nyumba, kabla ya kufunga, baba wa mtoto anaitwa mlangoni, anaonyeshwa, anapapasa, anakiri mbele ya wanawake wote kwamba ameona. Zile nyumba mbili zilimrudia. Nyumba hazikupungua. Lakini kila baba anayeitwa anauliza kwa nini, na anaambiwa.

Kwetu hajarudi. Nilituma salamu, nikapeleka sahani ya pilau, ikarudi sahani imejazwa matunda makavu, kwa heshima, bila yeye. Mavzuna anamfunga mtoto mwenyewe. Alijifunza kwa kutazama mara ile moja, na anasema fundo lake halifanani na la Bi Karomat.

Wiki iliyopita kijana mmoja alikuja karakana kupima geti alilotaka kununua. Alipima, akaandika, akabaki amesimama.

"Juzi niliitwa mlangoni kwenye susu ya mwanangu," akasema. "Nikaambiwa ni kwa sababu ya mchomeleaji mmoja. Ni wewe?"

"Ni mimi."

Nilingoja aseme la kusema. Akatazama nje, akashusha sauti.

"Macho yake yana umanjano kidogo. Pale pembeni, kwenye weupe. Mama yangu anasema si kitu. Wewe, wa kwako alikuwa hivyo?"

Nikazima mashine. "Sijui mimi," nikamwambia. "Mimi ni wa mwisho kuulizwa. Twende kwa Firuza."

"Sasa hivi? Kumejaa wanawake."

"Sasa hivi."

Tukaenda. Foleni ilikuwa mpaka nje. Waliponiona wakaanza kugongana viwiko, mmoja akahema kama mbwa, wengine wakainamisha nyuso kwenye mitandio. Masikio yakaniwaka kama siku ya kwanza. Kijana alikuwa amekwisha kugeuza miguu, nikamshika mkono wa shati, nikauliza kwa sauti ya kusikika benchi zima nani wa mwisho, tusimame nyuma yake.